Mojatano na Akina Mama Waliompa Tano Zote

Jina lake halisi lipo. Liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na limepumzika huko huko. Nyumbani, mtaani, hata chuoni anakofanya kazi, mwenzetu anaitwa Mojatano. Na ukiona mtu mzima mwenye digrii anaitikia jina kama hilo bila kununa, ujue kuna siku alijitakia mwenyewe.

Siku yenyewe ni ile shemeji alipokuja kutambulishwa nyumbani. Nyumba imefagiliwa mpaka uvunguni, viti vya kuazima vimepangwa, mama amejifunga kitambaa chake cha kuonea watu wazito. Dada mtu amekaa pembeni anaangalia kucha zake kana kwamba ndiyo kwanza zimeota leo. Mazungumzo yameenda vizuri, soda zimenyweka, mjomba akafunga kikao kiungwana: "Basi, kama kuna mwenye swali kwa mgeni wetu, aulize."

Sasa jamani, hayo ni maneno ya adabu tu. Hakuna anayetegemewa kuuliza. Ni kama mtu anayekwambia "karibu tule" huku anaramba sahani. Lakini mwenzetu ndiyo kwanza alikuwa amemaliza somo la mbinu za utafiti, elimu bado inamwasha mwili mzima. Akanyoosha mkono.

"Shemeji, katika kipimo cha moja hadi tano, moja ikiwa ni kidogo kabisa na tano ikiwa ni sana kabisa, unampenda dada yangu kwa kiasi gani?"

Watu wakacheka. Swali tamu, tena rahisi. Mpira uko mbele ya goli, kipa ameenda kunywa maji, wewe gusa tu. Ila shemeji ni fundi umeme, mtu anayepima waya mara mbili kabla hajaugusa. Akafikiri. Akafikiri kweli kweli, mpaka paji la uso likajikunja. Halafu akasema, "Nne."

Hata feni ilikuwa kama imepunguza mwendo isikilize. Dada akanyanyuka polepole, akaenda jikoni, na mara vifuniko vya sufuria vikaanza kuongea kwa niaba yake. Mjomba akakohoa kikohozi cha watu watatu. Na mwenzetu, badala ya kuinamisha kichwa kwa aibu kama binadamu wa kawaida, akachomoa kalamu mfukoni akaandika 4 kwenye kiganja. Aliandika, jamani! Eti data isipotee.

Ndoa ilifungwa, msiwe na wasiwasi, na mpaka leo wapo wanagombania rimoti kwa amani. Lakini jina lilishashika kama doa la bizari kwenye shati jeupe. Kwenye grupu la familia akituma picha yake amevaa vizuri, majibu ni namba. "Mbili." "Mbili na nusu, kwa sababu ya viatu." Akipika, shangazi anaonja, anafumba macho, anasema, "Mojatano baba, hii tuiache bila maksi." Amezoea. Mtu ukishachekwa na shangazi zako wote, mhariri wa jarida la kitaalamu hakutishi tena.

Maana ndiyo kazi yake, utafiti. Anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha chuo, ghorofa ya pili, chumba kimoja chenye madirisha yasiyofunguka na wataalamu wanne wasiokubaliana. Yuko wa uchumi, wa elimu, wa masuala ya dini na wa takwimu, na feni ni moja. Mtu wa uchumi anataka imwelekee yeye kwa sababu hewa ni rasilimali haba. Mtu wa elimu anasema tugawane kwa zamu, tujifunze kuishi pamoja. Mtu wa dini anasema subira. Mtu wa takwimu akachukua daftari. Alikaa wiki nzima akipima, akatangaza kwamba feni inampuliza mtu wa dini kuliko wengine wote, na tangu hapo subira inaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Anayewaongoza wote hao ni Dokta, mama mmoja mfupi mwenye miwani miwili, moja puani moja kichwani, na anaitafuta hiyo ya kichwani kila siku. Na chini kabisa, mwaka wa kisa hiki, kwenye meza iliyopakana na mlango wa choo, yuko Mojatano. Yeye ndiye anayebeba madodoso, yale makaratasi ya maswali, anazunguka nayo mitaani, anauliza, anarudi, anaingiza majibu kwenye kompyuta. Mkataba wake ni wa muda. Ukikaribia kuisha anakuwa mpole kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Mwaka huo ikatoka nafasi moja ya kudumu. Moja tu. Dokta alimwita akamwambia bila kuzunguka:

"Utafiti huu wa mwisho unaufanya wewe. Kamati ya ajira itakuwepo kwenye kongamano. Ukiwa na kitu cha kueleza watu wakakaa vizuri kwenye viti vyao, nafasi ni yako. Ukiwa na kitu cha kuwalaza, mimi sina la kufanya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dokta."

"Kiasi gani, moja hadi tano?"

Hata yeye! Mwenzetu akatabasamu kinyonge, akasema tano.

Utafiti wenyewe ulikuwa unauliza jambo dogo tu la majirani: je, watu wanaokwenda sana kwenye ibada wanawaamini majirani zao kuliko wasiokwenda? Na elimu ya mtu inaongeza nini hapo? Kila mtu kituoni alitegemea jibu la ndiyo. Mojatano akaandika sentensi za kuwasomea watu, kila mmoja aseme anakubali kwa kiasi gani, moja hadi tano. Na kwa sababu Dokta alimwonya kwamba watu wanapenda kujisifu, karibu sentensi zote akazigeuza upande mchungu. "Usipokuwa macho, jirani atakudhulumu." "Kwenye mtaa huu kila mtu anajali lake." "Ningepata nafasi ningehama kesho." Anayesema moja kwa hayo, huyo anawaamini wenzake. Anayesema tano, huyo analala na panga chini ya mto.

Mtaa wa utafiti ulichaguliwa kwa kura, na kura haina macho: ukaanguka mtaa wao wenyewe. Akazunguka nyumba kwa nyumba. Kikundi cha mama yake cha ibada kilimpokea kama bwana harusi. Alikalishwa kwenye kiti chenye mto, akawahoji mmoja mmoja barazani. Walimsikiliza wamekunja mikono, macho yote kwake, majibu yanatoka bila kusitasita. Akarudi kituoni anajisifu kwamba hajawahi kupata wahojiwa watulivu namna ile.

Kompyuta ilipomaliza kukoroga namba, grafu ikatokea imepinduka miguu juu. Wanaosali sana ndio wasiomwamini mtu! Tena mstari haukuteremka kidogo kidogo. Ulianguka kama nazi. Vijana wa kijiweni, ambao ibadani wanaonekana siku ya mvua tu kwa sababu ya paa, wao walikuwa wanawaamini majirani mpaka raha.

Dokta aliiangalia ile grafu, akavaa miwani yote miwili.

"Unajua umepata nini hapa?"

"Nimepata makosa?"

"Umepata habari, kijana! Hii watu hawatasinzia."

Mtu wa uchumi akatoa nadharia papo hapo. Mtu wa elimu akatoa nyingine. Mtu wa dini akasema tu kwamba anajisikia vibaya, na akaachiwa feni. Mada ikaingizwa kwenye ratiba ya kongamano: "Wanasali Pamoja, Hawaaminiani." Mojatano akakata nywele. Akanunua shati. Kichwani alishaanza kupanga meza yake mpya ataiweka upande gani, mbali na choo.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kinamkereketa. Katika wale akina mama waliosema jirani atakudhulumu, yumo fundi cherehani wa nyumba ya pili. Huyo fundi amemlea. Ufunguo wa akiba wa nyumba yao unakaa kwake tangu Mojatano hajaanza shule. Lakini akajiambia, ndiyo sayansi hiyo, inauma. Binadamu ana mengi moyoni. Akaendelea kutengeneza slaidi.

Jumamosi mchana, kongamano likiwa Jumatatu, yuko sebuleni anapiga pasi shati lake jipya. Fundi cherehani akaingia bila hodi, sindano mbili kifuani, tepu ya kupimia shingoni, nyuma yake mama mtu na sahani ya matunda.

"Hee, Mojatano! Umekaa tu, hutuambii matokeo?"

"Shikamoo mama. Matokeo nayatoa Jumatatu."

"Marahaba. Sasa utatoaje wewe tena? Kwani maksi si tulishakupa sisi?"

Pasi ikasimama hewani. "Maksi gani?"

"Za mtihani wako! Mimi nilikupa tano zote. Sikubana hata moja. Pale katikati ulikohoa ukapoteza mstari, roho ikaniambia nne, nikasema aa, mtoto wa mwenzangu, na jua lote hili. Tano!"

Mojatano akaiweka pasi chini, bahati nzuri si juu ya shati. "Mama, subiri. Nilikusomea kwamba usipokuwa macho, jirani atakudhulumu. Ukasema tano."

"Ulisoma vizuri sana. Sauti safi."

"Kwa hiyo jirani yako anakudhulumu?"

Fundi akageuka kumtazama mama mtu, akarudisha macho. "Jirani yangu ni huyu hapa! Nani kasema ananidhulumu?"

"Wewe!"

"Mimi? Mbele ya Mungu? Mwanangu una homa? Mimi nilikuwa sisikilizi maneno, nilikuwa naangalia unavyosimama. Mama yako alituambia una mtihani, unasoma mbele ya watu na kila mtu anakupa maksi, mwisho tano. Kikundi kizima tukakubaliana hakuna kumwangusha mtoto."

Mwenzetu akamgeukia mama yake taratibu, kama mtu anayegeuza shingo iliyolala vibaya.

"Mama."

"Abee."

"Uliwaambia nina mtihani?"

"Niliwaambia wakusaidie. Kuna ubaya?" Mama akaanza kumenya chungwa, macho kwenye chungwa. "Umetoka chuoni, umeshika makaratasi, unasema moja hadi tano. Sasa kama siyo mtihani ni nini?"

"Ni utafiti, mama! Mimi ndiye ninayeuliza, ninyi ndio mnaojibu!"

"Basi si tulijibu. Tano. Na bado unatufokea."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo Mojatano alipoelewa kwamba ile grafu iliyoanguka kama nazi haikuwa imepima imani wala ujirani. Ilikuwa imepima jinsi akina mama wanavyompenda. Kadiri mtu alivyo karibu na mama yake ibadani, ndivyo alivyomjazia tano, na kila tano ikaandikwa kama chuki kwa jirani. Upendo wote ule, kompyuta ikauita usaliti.

Akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Chungwa lenyewe hakula. Shida yake sasa iko wazi: hakuna mtu chuoni anayejua. Akikaa kimya, Jumatatu anapanda jukwaani na habari kubwa, Jumanne ana kazi ya kudumu. Akisema, hana grafu, hana mada, na nafasi moja haimsubiri mtu. Ila akikaa kimya, akina mama hawa wataingia kwenye jarida la kitaalamu kama watu wenye roho mbaya kuliko vijana wa kijiweni. Na wote walimpa tano.

Shemeji akamkuta pale. Alikuja na dada kusalimia, mkanda wa koleo bado kiunoni. Akahadithiwa kila kitu. Hakucheka, kitu ambacho kwa familia ile ni ajabu.

"Unakumbuka ile nne yangu?" akauliza.

"Shemeji, ile nne ndiyo imeniharibia maisha."

"Dada yako alininunia wiki mbili. Halafu akanipigia, akauliza swali moja: kwa nini nne? Nikamwambia, tano ni ya mtu uliyemaliza kumjua, na mimi wewe ndiyo kwanza nakuanza. Tukaongea mpaka simu ikawa moto. Sasa ningesema tano siku ile, nani angeniuliza?"

"Hakuna."

"Hata wewe hukuniuliza. Uliandika kwenye kiganja ukakaa." Akampiga begani. "Nyaya zako ni nzima, shemeji. Ila hukuuliza kwa nini."

Kutoka ndani sauti ya dada ikaja juu ya televisheni: "Na siku hizi ni ngapi?"

"Nne na robo tatu!" shemeji akajibu kwa sauti. "Jana ulimaliza maji yote ya moto ya kuoga!"

Jumatatu Mojatano akamwahi Dokta kwenye korido, nje ya ukumbi, kabla hajakaa. Akamweleza yote, haraka haraka, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kikavunjika. Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Unaniambia sasa? Mada iko kwenye ratiba. Kamati wamekaa mstari wa pili."

"Ningeweza kutokukwambia kabisa, Dokta."

Hilo lilimgusa, ila hakulionyesha sana. "Panda," akasema. "Utakachosema ni chako. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango."

Akapanda. Slaidi ya kwanza ikawaka na kichwa kipya: "Namna Akina Mama wa Mtaani Kwetu Walivyonifaulisha." Akawaonyesha ile grafu kama ilivyo, akawaacha wataalamu waitikisie vichwa kwa uzito, wengine wakaanza kuandika nadharia. Halafu akawasimulia kuhusu fundi cherehani na ile nne aliyoiepuka kwa huruma.

Aliyeanza kucheka ni mtu wa takwimu, tena kwa kicheko cha kulia, mabega yanaruka, kitambaa machoni. Kikasambaa. Mtu wa dini alisimama kabisa kwenye kiti chake akashukuru, hakusema anamshukuru nani. Mchumi mmoja mgeni akanyanyua mkono akakiri, sauti ya chini, kwamba ana data za mikopo ya vijijini na sasa anaogopa kwenda kuziangalia.

"Kwa hiyo umekuja kutuambia huna matokeo?" akauliza mmoja wa kamati, uso mkavu.

"Ninayo moja," akasema Mojatano. "Nilikuwa napima kitu kwa namba, sikuuliza namba hiyo kwa mjibuji ina maana gani. Nataka kurudi nyumba zile zile bila kipimo. Nitauliza ukisafiri ufunguo unamwachia nani, na kwa nini yeye. Basi."

Mwenyekiti akashukuru, akauliza kama kuna swali la mwisho. Na nyuma kabisa, pembeni ya Dokta, ukanyanyuka mkono wenye tepu ya kupimia. Ndiyo, akina mama walikuja. Nani angewazuia? Fundi cherehani hakuuliza kitu. Alinyoosha vidole vitano juu, akavishikilia hapo, mpaka ukumbi mzima ukageuka kuvitazama, na Dokta akalazimika kujifanya anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Nafasi haikutolewa siku ile. Kamati ilisema isubiri matokeo mapya, na matokeo mapya yalimhitaji yeye ayatafute, kwa hiyo mkataba ukasogezwa mbele. Akarudi mtaani na swali lake la ufunguo. Ilimchukua muda mrefu, maana ukimuuliza mtu kwa nini anamwachia fulani ufunguo, anaanzia siku waliyohamia. Alichopata hakiuzi gazeti: wanaosali na wasiosali wanaachiana funguo karibu sawa, shule nayo haibadilishi mengi, kinachozidi ni miaka mliyokaa ukuta kwa ukuta. Dokta alikisoma, akasema ni kikavu na ni cha kweli, akakisaini. Ndicho kilichompa kazi. Meza mpya haiko karibu na choo. Iko chini ya feni, na vita vimeanza upya.

Lakini turudi kidogo siku ile ya kongamano, nje ya ukumbi, watu wanamiminika kwenye chai. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, mkoba kifuani. Mojatano akamwendea, shati limelowa mgongo mzima.

"Mama, umeonaje?"

Mama akamwangalia juu mpaka chini, akamnyoosha kola. Halafu akanyanyua vidole. Vinne.

"Nne? Mama! Hata wewe?"

"Moja nimebakisha," akasema, anaanza kutembea kuelekea getini. "Si umejifunza kuuliza? Njoo nyumbani uniulize kwa nini."

Akamfuata, mkoba kamnyang'anya ambebee, anauliza njia nzima.

Sasa na ninyi huko mliko, msijifanye mna majina ya vyeti tu. Jina lako la utani lilianzia wapi, nani alilitupa la kwanza, na kwa nini mpaka leo halitoki? Na kama umewahi kumpa mtu tano kwa huruma, lete kisa chako hapa chini. Mojatano mwenyewe anasoma, na safari hii ataanza na kwa nini.